Mishale Kumi na Nyongeza

Jumatano, 3 Septemba 2025

Wenye gemu yetu ya simu wametangaza. Kuanzia Ijumaa hakuna haja ya kumtembeza mtu wako hadi soko la ndani ya gemu. Kutakuwa na kitufe – unaandika unachotaka, unaona bei zote, unanunua hata ukiwa juu ya mlima. Becky nusura avunje sindano kwa furaha. Tunashona pamoja hapa Laini Saba na tunacheza pamoja saa ya lunch. Anasema lunch yake yote huishia njiani akikimbizwa na fisi wa gemu, akifika sokoni chapati imepoa. Ni kweli, siwezi kumbishia.

Lakini mimi nina kibanda pale langoni mwa soko. Nauza mishale. Kitambaa chekundu nilikitundika mwenyewe. Na kuna Mulwa.

Alhamisi, 4 Septemba

Mulwa ni fundi wa madirisha huko Gatina. Hatujawahi kuonana. Namba ya simu hatuna – ukiiandika, gemu inaifuta. Kila siku huja kibandani kwangu, anasema bei yangu ni ya wenye pesa wa Nyayo Highrise, tunavutana weee, mwisho ananunua mishale kumi. Nami namwongezea mmoja, kama mama mboga anavyoongeza majani juu ya fungu.

Leo kaniuliza, "Sasa kesho nikibonyeza hiyo kitu, nyongeza utanipea aje?"

Nikamwambia atajua mbele. Asipokuja sokoni, nitamwonea wapi? Nampenda kidogo. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 5 Septemba

Kitufe kimefika. Niliweka mishale humo kwa mafungu ya kumi na mmoja, bei ya kumi, ili nyongeza iwemo. Kumbe gemu haijui nyongeza! Iligawa bei, ikaona mshale wangu ndio rahisi kuliko wote, ikaniweka juu kabisa. Kabla sijamaliza kola moja, mishale yote imeenda. Gemu haionyeshi hata ni nani kanunua. Hakuna aliyenisalimia hata niaje. Becky alicheka hadi akalalia cherehani. Ati nimeuza kuliko wiki nzima, sasa uso nimeukunjia nini.

Mulwa hakuja.

Jumamosi, 6 Septemba

Hakuja. Soko limenyamaza kama shule siku za likizo. Jirani yangu muuza ngao amefunga.

Jumatatu, 8 Septemba

Nilitaka kutoa kila kitu kwenye kitufe, kwa hasira. Becky akanituliza. Wenye haraka kama yeye niwawekee huko, bei moja, bila maneno. Wenye mdomo waje kibandani. Huyu msichana ana akili, nisimwambie.

Kwa hivyo nimeandika kwenye ubao wa kibanda: HAPA TUNABISHANA. NYONGEZA IPO. Bei nimeipandisha maradufu, ili mabishano yawe marefu. Wamekuja watatu. Mmoja alinitukana vizuri sana, nikamwongezea miwili.

Jumanne, 9 Septemba

Lunch. Simu imeegemea cherehani. Mulwa yuko kibandani!

Alianza na niaje. Nikamjibu kwa baridi, nikamuuliza kama kitufe kimemchosha.

"Zi, hakijanichosha, kiko poa. Nilinunua Ijumaa. Nikahesabu mishale zikafika eleven, nikajua tu ni wewe."

Kwa hivyo alikuwa mmoja wao. Nilimuuzia bila kujua. Nikamuuliza basi leo amefuata nini, na mishale anayo.

"Sijabishana na mtu tangu Thursday. Nimepigana na fisi wawili kufika hapa. Bei ni ngapi?"

Nikamtajia ile ya maradufu. Akaandika kwamba hata Nyayo Highrise hawawezi, nipunguze nusu. Nikamwambia haiwezekani. Nikaogopa nimezidisha.

Kisha mtu wake wa gemu akasogea mbele ya kitambaa chekundu, akaweka upinde chini, akaketi.

Becky ananiambia nimjibu. Chai yangu inapoa. Namtajia bei nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza.