Gego la Juu na Gaida ya Harusi

Gorna Lyaska,
Wilaya ya Smolyan,
Jumapili, 2 Septemba

Mpendwa mwanangu Zlatina,

Hujambo, mama? Na mkwe wetu Andreu hajambo? Joto la Valencia limepungua, au bado mnalala madirisha wazi? Sisi huku tu wazima, viazi vimekubali mwaka huu, na mimi nina furaha ambayo nikikaa nayo mpaka Jumamosi ya harusi mwisho wa mwezi itanipasua. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu juzi ulidhani nimelewa, kumbe ni shavu lilikuwa limevimba. Barua hii nampa dereva wa basi linaloondoka Plovdiv kesho kuja huko kwenu.

Mama yako ameniambia kwamba Ijumaa na wewe unakwenda kupasuliwa fizi, litolewe gego la mwisho. Basi nisikilize mimi baba yako mdogo, niliyetoka huko siku tisa tu zilizopita, maana nilikosea karibu kila kitu.

Kwanza, uliza kama watakulaza usingizi au watakuchoma ganzi tu. Mimi sikuuliza. Mama yako mdogo Fidanka alisikia kwa jirani kwamba mtu hapasuliwi akiwa amekula, akanifungia kabati la chakula tangu jana yake. Nilifika natetemeka kwa njaa, Daktari Kavrakova akaniambia kwa ganzi ya fizi ningekula vizuri nyumbani. Wanaolazwa usingizi ndio wanaokaa na njaa, tena kwa saa wanazopangiwa na daktari, si na jirani.

Pili, rakia, ile pombe yetu kali ya maposa na sherehe. Usicheke. Nilisukutua nayo mlangoni mwa zahanati, niue wadudu. Daktari akavuta hewa mara moja, akasema, "Mzee, umekuja kutibiwa au kuposa?" Ikabidi ningoje hadi mchana.

Dawa zako zote ziandike kwenye karatasi, hata majani ya chai ya mlimani. Mimi nilitaka kuacha kimyakimya vile vidonge vyangu vya kuzuia damu isigande. Bahati nikamtajia. Alinikaripia kama mwanafunzi, akampigia daktari wangu wa moyo kabla hajagusa chochote.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe. Aliniuliza kazi yangu, nikasema mimi bwana misitu mstaafu. Gaida, ule mfuko wetu wa ngozi ya mbuzi na filimbi zake, sikuitaja. Kwetu kupuliza gaida si kazi, ni kama kuwa na pua. Akanitoa gego la juu, akashona, na mimi kwa kushukuru nikamwambia kwa mdomo uliokufa ganzi kwamba aje harusini, nitampulizia wimbo wake peke yake. Akaweka mkasi chini.

"Unapuliza?"

Akanionyesha picha ya taya langu. Mizizi ya lile gego ilikuwa imefika kwenye uwazi ulio nyuma ya shavu, karibu na pua, na kilichobaki hapo ni kiwambo chembamba. Nikipuliza kwa nguvu kitatoboka, na chai nitakayoinywa kwa mdomo itatokea puani. Hata makamasi nisipenge. Wiki sita, akasema, na angejua mapema angenipangia baada ya harusi.

Zlatina, nililia ndani ya gari. Nilimwahidi marehemu kaka yangu Haralampi, baba yako, hospitalini, nimemshika mkono, kwamba siku utakayotoka mlangoni mwake kama bibi harusi, gaida yake ndiyo itakayokutoa. Si ya mpigaji wa kukodi wala ya kwenye redio. Yake.

Kwa hiyo siku ya nne nikajifungia kwenye banda la nyasi na gaida ya Haralampi. Nilijiambia nitapuliza kidogo tu. Kabla sijaweka mdomo, mlango ukafunguliwa. Mama yako, na sufuria ya supu ya maharage aliyoniletea. Unajua tangu baba yako afariki hajaigusa ile gaida, hata kuipangusa vumbi.

"Shemeji, unataka nimzike nani mwingine?" akaniuliza.

Akaweka sufuria chini, akaninyang'anya ile filimbi ya kupulizia, akaketi ubavuni kwangu. "Vidole ni vyako," akasema. "Pumzi si lazima iwe yako."

Mara ya kwanza ulitoka mlio wa ng'ombe anayezaa. Fidanka alikuja mbio na uma wa nyasi, akatukuta tumebanana na mfuko katikati, akasema, "Miaka thelathini namwomba huyu mbuzi aondoke nyumbani, leo mmemwongezea mapafu." Lakini jana, mwanangu, tumepiga wimbo wa kumtoa bibi harusi mwanzo hadi mwisho, haukukatika hata mara moja. Mimi nabana mfuko na kucheza vidole, yeye anapuliza. Jirani walitoka nje wakasimama. Nimefurahi mpaka nyuzi za jino zinavuta.

Basi mwambie daktari wako kila unachofanya kwa kinywa na pua yako. Wewe unafundisha kuogelea: muulize kuhusu kupiga mbizi. Mwambie na tarehe ya harusi, huenda akasema jino lisubiri. Usivute kitu kwa mrija, sigara za Andreu zikae mbali, na awepo mtu wa kukurudisha nyumbani.

Fidanka anakusalimu, anauliza kama Andreu anakula nyama ya kondoo. Msalimie sana, na Mungu awalinde njiani.

Mama yako hajui kwamba nimekuandikia. Alikuwa akiniambia hataweza kusimama pale mlangoni bila baba yako. Sasa atasimama, mashavu yamejaa. Nakuomba kitu kimoja: ukivuka kizingiti, mtazame Andreu, nitazame mimi, tazama milima. Yeye usimtazame mpaka wimbo uishe. Akilia, pumzi itakatika.

Ni mimi baba yako mdogo, mwenye vidole tu kwa sasa, akupendaye kama alivyokupenda baba yako,

Manol