Tumeacha Kurudisha Kete

Ghorofa ya pili, juu ya dobi,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Unapanda ngazi mwenyewe sasa, au bado unawatuma mapacha? Sisi huku wazima. Kikohozi kimemwachia baba, na mimi mikono imeshazoea joto la pasi.

Nilikwambia nimejiunga na klabu ya sataranji. Mwezi uliopita walichagua timu, nami nikaachwa. Kwenye mchezo wa mchujo nilikuwa naongoza, Shangazi. Nikamgusa malkia, nikaona hatari, nikamwacha na kushika farasi huku nikisema, "Ngoja, narudisha," kama tunavyofanya nyumbani. Mwamuzi akaniambia ukigusa kete, unacheza hiyo hiyo. Malkia akaliwa. Watu walicheka, mimi nikaenda kulia chooni.

Lawama ni zenu, wewe na kaka yako, mlionilea kwa kurudisha kete. Wewe ndiye uliyekuwa kinara. Kuna siku ulirudisha hatua tatu nzima, chai ikapoa tukikusubiri.

Mchujo mwingine ni mwisho wa mwezi ujao na nafasi iliyobaki ni moja. Naitaka. Kila mchezo ninaoshindwa nauandika kwenye daftari, kisha naupanga upya mpaka nione nilipoteleza. Asubuhi kabla ya kazi nafanya mazoezi na kete chache tu, wafalme wawili na ngome moja, maana mwishoni ndiko ninakoharibu. Nikiwa nafikiri, mikono naikalia. Mpiga pasi mwenzangu anasema nimechanganyikiwa, lakini yeye ndiye anayenishikia saa.

Ila kuna jambo limenikosesha raha. Juzi baba aligusa ngome akataka kuirudisha, nikamkatalia. Nikamshinda, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Aliinuka akaniacha na ubao, akaenda kula peke yake. Iliniuma sana, lakini sikuomba radhi. Nikilegea nyumbani, klabuni nitalegea pia.

Wasalimie mzee wako na hao mapacha watundu. Mola akujalie goti lenye nguvu na usingizi mtamu.

Baba naye anakusalimu. Leo nimeamka nikamkuta mbele ya ubao peke yake, kete kazipanga kama zilivyokuwa juzi, anatafuta alipokosea. Aliponiona mlangoni akasema, "Kaa hapa. Na usinionee huruma."

Ni mimi nikupendaye daima,
Kitinda mimba wa kaka yako.