Kiputo Chini ya Koki

Jumatatu, 3 Machi

Matokeo yametoka. Nimeyahesabu mara tatu nisije nikajidanganya. Wanafunzi arobaini wa mwaka wa kwanza ninaowafundisha, makundi mawili, wiki sita. Kundi moja limefanya titresheni maabara — asidi ya kweli inadondoka kutoka kwenye bureti, ule mrija wa kioo wenye koki chini, mpaka rangi igeuke. La pili limefanya kwenye kompyuta tu, unabofya koki, matone yanashuka kwenye skrini. Mwishoni wote mtihani mmoja wa vitendo. Maabara, wastani 64. Kompyuta, 71! Watu ambao hawajawahi kushika bureti!

Profesa, msimamizi wangu, kanipa mkono mara mbili. Kamati inakaa Jumanne ya wiki ijayo. Jedwali langu la matokeo likipita, maabara inafungwa, panakuwa chumba cha kompyuta. Na mimi namaliza uzamivu wangu, baada ya miaka mitano ya kuulizwa "bado tu?"

Nilitaka kuuliza fundi wa maabara atapelekwa wapi. Nikameza.

Jumatano, 5 Machi

Mahojiano na kundi la kompyuta. Ya kukamilisha sura ya tasnifu tu. Swali la kwanza: nieleze unavyoanza. Binti wa miwani, mpole, anaongea akitazama vidole vyake. Kasema unasuuza, unajaza, halafu unafungua koki mara moja kwa nguvu ili kutoa kile kiputo cha hewa kinachojificha chini yake. La sivyo vipimo vyako vyote ni uongo.

Nikaandika. Nikageuza ukurasa. Kalamu ikasimama.

Programu yangu haina kiputo. Naijua, nilishiriki kuitengeneza. Bureti ya kwenye skrini inajaa vizuri kila siku ya Mungu.

Nikawauliza wengine, nikijitia hamnazo. Kumi na wanne kati ya ishirini wamekitaja kiputo. Wawili wakasema "taratibu, taratibu" huku mkono wa kushoto unazungusha koki hewani. Chuo kizima ni mtu mmoja tu anayesema hivyo. Wanafunzi wamempa na jina hilohilo, Mzee Taratibu. Ndiye fundi wa maabara.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemkuta anasugua sinki. Ana miaka thelathini na moja humo ndani. Hata mimi ndiye aliyenifundisha kushika pipeti, enzi hizo naogopa mpaka maji.

Nikamuuliza. Hakuzunguka. Ndiyo mwanangu, niliwafungulia. Kila Alhamisi mchana, mkiwa kwenye kikao. Walikuwa wanakuja kusimama dirishani kuwatazama wenzao, pua kwenye kioo. "Sasa mimi ningefanyaje? Nikawaambia ingieni, shikeni."

Nikamkumbusha kwamba alitia sahihi: kundi la kompyuta lisikanyage maabara mpaka siku ya mtihani. Akasema aliisoma ile karatasi na aliielewa. Ila aliona siku ya mtihani wataaibika, na mimi nitaaibika pamoja nao.

"Nilikuwa nakusaidia," kasema. Hapo ndipo aliponimaliza. Nimejaribu kukasirika, nimeshindwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemweleza dada yangu yote. Anashona, cherehani haisimami. Nikisema kweli, utafiti umekufa, naanza upya. Maabara inabaki, lakini Taratibu anafukuzwa kwa kuvunja agizo. Nikinyamaza, napata shahada, yeye anahamishiwa stoo na barua ya shukrani. Na watakaokuja wote watasomea bureti isiyo na kiputo.

Dada akasema nyamaza, umalize kisomo chako. Dakika mbili baadaye akasema hapana, usinyamaze. Kisha akaniomba nimshikie pindo. Uzi ulipokatika akauliza: kwani huyo mzee mwenyewe anataka nini?

Miaka mitano kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Hilo halikunijia.

Jumapili, 9 Machi

Nimefua. Hata pazia ambalo halikuwa chafu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemuuliza. Anataka watoto waendelee kushika vitu. Basi. Kuhusu stoo akacheka, akasema kifua chake na vumbi haviivi.

Nikamwambia naweza kusema data zina hitilafu, nisimtaje. Akaniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi anayesoma bureti vibaya, akiwa amesimama juu ya stuli. "Hitilafu gani? Watakuuliza. Na wewe uongo huuwezi, toka zamani."

Profesa akapita ukumbini, akauliza kama jedwali liko tayari. Nikasema liko tayari. Liko tayari kweli, na ndiyo shida yenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Roho juu. Jedwali liko kwenye bahasha. Mapajani nina daftari la vilivyovunjika, lile linaloning'inia kwa kamba mlangoni mwa maabara. Taratibu kalikata kamba asubuhi, kanikabidhi.

Sheria yake ni ya miaka yote. Ukivunja kitu unaandika mwenyewe: kitu gani, nani, sababu, sahihi. Aliyeshuhudia anatia sahihi yake pembeni. Hugombezwi, lakini lazima uandike. Nilidhani kanipa kama ushahidi, maana kundi la kompyuta wamo humu waziwazi. Bika, Alhamisi. Kijiti cha kukorogea, Alhamisi. Binti wa miwani kavunja chupa, sababu: "nilifurahi rangi ilipogeuka." Nimecheka peke yangu hapa kama punguani.

Sasa hivi nimefika ukurasa wa mwisho. Mwandiko wake, tarehe ya leo.

Kilichovunjika: utafiti wa mwalimu.
Aliyevunja: mimi, fundi.
Sababu: niliwaonea huruma.

Sahihi yake ipo. Nafasi ya shahidi iko wazi.

Machozi yananitoka mbele za watu, na sijali. Katibu katoa kichwa mlangoni. Anasema Profesa ananiulizia, niingie na jedwali. Nimemwomba dakika moja. Kalamu bado ninayo mkononi, juu ya nafasi ya shahidi.