Nyoka wa Kwenye Plaki

Sifa, binti yangu, kifungua mimba wangu,

Wiki iliyopita mdogo wako Amani aliifungua ile plaki ya gari lako. Ofisi ya magari ilimwambia namba ile ni ya wahudumu wa ambulansi peke yao, na wewe hupo tena, donc basi irudishwe. Alifungua skrubu huku analia. Mimi nilisimama kando nimemshikia koti.

Unakumbuka siku ulipoileta? Ulikuwa umefaulu mtihani wa ambulansi, ukaniita niteremke nione. Nikateremka na vigelegele vyangu tayari. Nikaona nyota ya buluu, katikati ya nyota fimbo, na kwenye fimbo, nyoka. Vigelegele vikanikauka mdomoni.

"Tumekimbia vita toka Uvira, tumezeeka kambini, halafu wewe unafunga nyoka kwenye gari?"

"Mama, si uchawi. Ni alama ya kazi yetu."

"Bon. Kazi yenu ipande. Mimi sipandi."

Unanijua, sikupanda. Jumapili nilivaa kitenge changu nikaenda kungoja basi la Morse Road. Nilipokaa kiti cha nyuma nikageuka, nikakuona. Ulikuwa unalifuata basi polepole, likisimama unasimama, watu wanakupigia honi, na wewe unanipungia mkono na kucheka, mpaka kanisani. Nilikasirika, Sifa. Nilicheka pia, ila sikukuonyesha.

Siku nyingine nikachukua plasta kwenye mfuko wako wa kazi, nikambandika nyoka usoni. Ukaniambia, "Mama, umemtibu." Ukaibandua, polisi wasije wakakusimamisha, kisha ukaleta Biblia ukanisomea Hesabu: Musa alivyomwinua nyoka wa shaba jangwani, na kila aliyeumwa akimtazama anaishi. Kiswahili chako kilikwama kila mstari, kwa kuwa shule yote uliisomea huku ugenini. Jumapili iliyofuata nikapanda, kiti cha mbele, na tangu hapo tukawa tunakwenda kanisani pamoja.

Kisha ikaja ile siku ya theluji. Ulipiga magoti kando ya barabara kuu unamfunga mtu jeraha, lori likateleza, likakufuata pale pale.

Amani alipolileta gari lako kutoka kazini kwako, nilimwinamia yule nyoka nikamwuliza: watu walikutazama wakaishi, mtoto wangu amekubeba kila siku, mbona wewe hukumtazama? Wamama wa kanisa wananiambia nishukuru, ulikufa ukiokoa. Sishukuru. Nakutaka wewe, na maneno yako ya kunitania, na ule mlango unaoufunga kwa kishindo ukitoka kazini.

Plaki mpya ina herufi na namba tu. Jumapili hii Amani aliliwasha gari, akanifungulia mlango wa mbele.

"Mama, panda. Sasa hakuna nyoka."

Sikupanda. Alinibembeleza, nikamwambia atangulie yeye na wenzake wa kwaya, tutakutana kanisani.

Nikaenda kungoja basi, mwanangu. Nikakaa kiti kile cha nyuma, nikageuka, na sikuangalia mbele tena mpaka tulipofika.

Lala, mama. Uliyemchosha na kumchekesha yupo, bado anakutazamia.

Mimi niliyekuzaa