Nilishuhudia Kwamba Mto Umekuwa Damu

Mshauri Peninah, mpendwa wetu wa gazeti la kila Jumamosi, nakuandikia nikiwa na aibu na hasira pamoja na sijui ni gani iko juu. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa chini ya Karurumo, shule niliachia darasa la tatu kwa hivyo unisamehe mwandiko, na msimu wa kahawa huwa naenda kiwandani kuchambua, kutoa zile mbichi na zile zimeharibika. Mwezi jana asubuhi nikiteremka kazini nilikuta mto wetu umegeuka mwekundu wa kuiva, povu juu, na ng'ombe wa jirani amesimama ukingoni amekataa kunywa. Hapo ndipo aibu yangu iko, mshauri, mimi nilijua ni nini, kwa sababu jana yake niliona kwa macho yangu ukuta wa lile shimo la maji machafu la kiwanda umebomoka na maji ya maganda ya kahawa yanateremka mtoni.

Lakini Jumapili Pasta Mwirigi alifungua Ufunuo akatusomea vile malaika wa tatu alimimina kitasa chake, lile bakuli la ghadhabu, na mito ikawa damu, akauliza ni nani ameona, na mimi nikasimama. Sijawahi kusimama kanisani maishani. Nikasema nimeona mto umekuwa damu, watu wakalia, wazee wakanipa mkono, na bwanangu Njoka, yeye ni mzee wa kanisa, akaniangalia vile hajaniangalia tangu tuoane, na hiyo maneno ya shimo nikaimeza.

Sasa pasta ameendelea kusema kwamba aliye na muhuri wa Mungu atakunywa maji hayo na hayatamdhuru, na anayepanda kuchota chemchemi ya juu ni mtu wa imani haba, na Njoka akasema mbele ya watu wote kwamba nyumba yake itakunywa mtoni. Tunakunywa. Mimi nachemsha kwa siri lakini ile harufu haitoki. Kitinda mimba wangu Nelius, wa miaka minne, anaharisha hii ni wiki ya pili, macho yameingia ndani, na nikisema apelekwe hospitali Njoka ananiuliza, "Mama Nelius, si ni wewe ulishuhudia?"

Na huko kiwandani hakuna mtu ameenda kulalamika, kwa maana nani atamshtaki malaika? Shimo liko vile vile wazi. Ann, ambaye tunachambua naye meza moja, hunicheka, "Hiyo damu yako ya Ufunuo inanuka maganda, mama," na mimi nacheka naye halafu naenda choo nalia. Nikisema ukweli nitamwaibisha bwanangu, nitaitwa mwongo katika nyumba ya Mungu, na labda nifukuzwe kazi. Nikinyamaza naona mtoto anapungua. Na bado naogopa, je, kama ni Mungu ametumia hilo shimo kutimiza neno lake, mimi ni nani wa kumpinga? Nionyeshe njia.

Mama Nelius

JIBU

Mama Nelius, majina nimebadilisha yote, lakini wewe unajijua. Barua yako ilikaa njiani siku tano, kwa hivyo kama mtoto bado yuko nyumbani, weka gazeti chini sasa, mfunge mgongoni, uende hospitali. Huombi ruhusa ya mtu. Macho yakiingia ndani mtoto ameishiwa maji mwilini, na hilo halingojei mzee wa kanisa akubali.

Umerudi? Sasa nikukemee. Uliulizwa umeona nini ukasema nusu. Utamu wa kusikizwa naujua, hasa kwa mtu aliyezoea kukaa benchi la nyuma. Lakini ile nusu uliyoimeza ndiyo inamuumiza mwanao, na watoto wa majirani ambao hukuwataja hata kidogo.

Hasira yangu kubwa lakini si kwako. Mhubiri anayesoma mstari mmoja wa Ufunuo na kufunga kitabu amenichosha. Sura hiyo hiyo ya kumi na sita, mistari miwili chini, inasema waliopewa damu wainywe ni wale waliomwaga damu ya watakatifu. Ni adhabu. Niambie basi, Nelius wa miaka minne amemwaga damu ya nani? Na ni wapi watu wa Mungu waliambiwa wanywe ndipo wajulikane? Kitabu hicho kinamalizika kwa kumwonya anayeongeza neno. Huyu ameongeza kikombe.

Unauliza kama Mungu ametumia shimo. Siku ya mwisho mimi siijui, na pasta wako haijui. Ninachojua ni kwamba kitasa cha malaika hakuna binadamu wa kukiziba, lakini ukuta wa shimo mafundi wawili wanaujenga kwa siku chache. Ukijengwa na mto ukasafika, utakuwa umepata jibu.

Njoka mwambie kwanza, mkiwa wawili. Usimvizie mbele ya watu, na usibishane naye maandiko; mpeleke hadi pale shimoni anuse. Kisha jaza chupa mbili, moja kutoka juu ya kiwanda na nyingine kutoka chini, umchukue huyo Ann mwenye kucheka, maana naye anajua harufu hiyo ni ya maganda, mwende kwa afisa wa afya na kwa chifu. Kuhusu kazi, hicho kiwanda ni cha ushirika wa wakulima, na wakulima wana watoto wanaokunywa mto huo huo. Anayetaka kukufukuza awaeleze wao sababu.

Halafu Jumapili simama pale pale uliposimama. Usihubiri, usimtukane pasta. Sema tu, "Niliona mto mwekundu, na niliona shimo limebomoka." Atakayenuna na anune. Njoka akitaka bado kuinua kikombe chake cha mtoni, anywe, yeye ni mtu mzima. Cha Nelius kitoke chemchemi ya juu, hata kama utapanda mara mbili kwa siku, na ukipanda pita njia ya kanisani, mchana, mtungi mgongoni, wakuone.