Simu Imelala Mezani, Mama Yuko Kazini

Dada mshauri mpendwa, nimeona nisiwe mficha uchi, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, nafanya kazi ya mkataba katika ofisi inayopanga njia za mabasi ya jiji, na mwaka huu tuliletewa kumbukumbu za simu, siyo maongezi wala majina, ni vidoti tu kwenye ramani vya kuonyesha simu ilikuwa wapi saa ngapi, ili tujue watu wanatoka wapi kwenda wapi, sasa mtaani kwetu vidoti vya alfajiri havisogei kabisa, na mimi ndiye niliyeandika kwenye ripoti kwamba wakazi wa pale hawasafiri muda huo, nikatia sahihi, na sasa basi la saa kumi na moja na nusu linataka kufutwa, wakati hilo ndilo analopanda mama yangu mzazi na mafundi cherehani wenzake kwenda kiwanda cha nguo, ambako mlinzi hapitishi simu getini, kwa hiyo wanawaachia watoto nyumbani, na hili nililijua, dada, simu ya mama naiona mezani kila siku, ila mkataba wangu unakaribia kwisha na sikutaka kuonekana mjuaji. Nilipojikaza kumwambia bosi alicheka, akasema, "Data haidanganyi, binti, na mama yako ni mtu mmoja," yeye ambaye hajapanda basi tangu anunue gari! Ijumaa wakubwa wanapitisha uamuzi huo. Mama ana miaka hamsini na nane na goti bovu, kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu, akichelewa mara tatu anaachishwa kazi, na juzi alikuwa anawatambia wenzake kituoni eti binti yake ndiye anayepanga mabasi. Nifanye nini?

Binti wa Fundi

Binti wa Fundi,

Nilikuwa nakuonea huruma mpaka nilipofika pale uliposema ulijua. Ulijua! Bosi wako angalau ana kisingizio cha ujinga, wewe huna.

Na huyo bosi naye! Anaelezwa na mtu wa mtaa wenyewe, anacheka. Simu si mtu. Nani alimwambia kwamba aliyeacha simu nyumbani na yeye kabaki nyumbani? Wanaoamka kabla ya jogoo ndio wanaohesabiwa kuwa wamelala. Nimekasirika hapa nilipo.

Haya, maji hayajamwagika. Kesho alfajiri nenda kituoni na daftari uhesabu vichwa, na keshokutwa urudie. Waulize wanaopanda simu zao ziko wapi, andika wanavyojibu. Kisha andika barua ya ukurasa mmoja, useme ulikosea wapi, uweke na hesabu yako. Usimpe bosi peke yake, ataikalia. Nakala iende kwa kila mkubwa atakayekaa kikao cha Ijumaa. Mkataba unaweza kupotea, sikudanganyi. Kazi utatafuta nyingine, una miaka ishirini na saba na magoti mazima.

Lakini leo jioni, kabla ya yote hayo, mwambie mama. Usimtume shangazi akusemee. Kaa naye, umwambie sahihi ile ni yako. Atakasirika, na ana haki. Mwache mpaka amalize, kisha umuulize kesho mnatoka saa ngapi.