Risasi Alizonijazia Baba

Elko, 9 Juni 1984

Mwanangu Darla,

Hujambo, mama? Mkono umeamkaje? Mimi mzima, ila magoti. Mumeo Clint amenieleza kwa simu kwamba bastola ilikupasukia katikati ya mashindano ya shabaha, na kidole gumba hakikuokoka. Ile bastola ni kuukuu, nilikwambia imelegea. Nakutumia asali.

Baba yako

Nampa, 20 Juni

Shikamoo Baba,

Naandika kwa mkono wa kushoto, nivumilie. Kidonda kinakauka. Fundi ameikagua bastola: haina kosa. Ganda moja la risasi ulizonijazia lilikuwa na baruti mara mbili ya kipimo. Wewe ndiye uliyenifundisha kujaza risasi nyumbani: mimina baruti, chungulia kila ganda, ndipo ukandamize kichwa cha risasi juu yake. "Baruti haijui samahani," ulisema. Je, ulichungulia? Clint anasema nisikuulize. Nakuuliza.

Mwanao

Elko, 2 Agosti

Mwanangu,

Sina uso wa kukusalimu. Barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena.

Nilichungulia, Darla. Sikuona. Jicho la kulia lina ukungu tangu majira ya baridi, na la kushoto linalifuata. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, nikamwambia aninyamazie. Ningekwambia, ungeninyang'anya mashine ya kujazia risasi. Tangu mama yako afariki, zile risasi za vichwa bapa, zinazokata tundu safi kwenye karatasi ya shabaha, ndicho kitu pekee unachokuja kuchukua kwangu. Nikaona heri nipapase kuliko nikose kukuona. Kisha nikaisingizia bastola.

Risasi zangu zilizobaki usiguse hata moja. Hilo nilipaswa kulisema siku ya kwanza.

Baba yako, kama bado

Nampa, 11 Agosti

Shikamoo Baba,

Clint alishapiga kadhaa kati ya hizo kabla barua yako haijafika. Lifikirie hilo. Mimi nalifikiria kila nikimwona anamnyanyua mtoto wetu.

Hasira haijaisha, sitakudanganya. Kidole hakiniumi kama zile wiki ulizonyamaza. Lakini Alhamisi nakuja kukupeleka kwa daktari wa macho, na usianze ubishi wako. Mashine itie kwenye gunia, naondoka nayo. Nitajaza mwenyewe, jikoni kwangu, nawe utakaa kando ukinikaripia. Risasi za dukani zinapiga teke kama punda, na huu mkono wa kushoto bado mchanga.

Ungeniambia tu, Baba. Ningekuja hata bila risasi.

Mwanao